Kenny Clarke, mpiga ngoma aliyefukuzwa kwa kuvunja mwendo

Wengi wetu hudhani kwamba kasi ni tunda la nguvu. Mwanafunzi akitakiwa asome haraka zaidi, hukaza macho na shingo. Akitakiwa aandike haraka zaidi, huibana kalamu mpaka vidole vikamwuma. Mwalimu naye, aghalabu, humhimiza aongeze bidii, yaani aongeze nguvu pale pale ambapo nguvu imekwisha kuzidi. Matokeo yake twayajua sote. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka.

Katika makala haya nataka kusimulia maisha ya mtu aliyejifunza jambo hili kwa mguu wake mwenyewe, akaadhibiwa kwa kulijua, na hatimaye akawa mwalimu wa wenziwe. Huyo ni Kenny Clarke, Mmarekani mweusi, mpiga ngoma wa jazi, aliyezaliwa mwaka wa 1914 na kufariki mwaka wa 1985. Mimi ni mwalimu wa isimu, wala si mpiga ngoma. Hata hivyo, mtu ambaye kazi yake ni kueleza jinsi sauti zinavyopangwa katika maneno hawezi kumpita hivi hivi mtu aliyezipanga upya sauti za ngoma, na naona maisha yake yanatuhusu sisi walimu na wanafunzi kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na ala yenyewe. Mpiga ngoma wa jazi huketi, na viungo vyake vinne vyote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Mguu wa kulia hukanyaga kifaa kinachoipiga ngoma kubwa. Mguu wa kushoto hukutanisha matoazi mawili madogo. Mkono wa kushoto huishughulikia ngoma ndogo yenye nyaya za chuma kwa chini. Mkono wa kulia huweza kulipiga toazi pana lililosimamishwa juu ya mti wa chuma.

Katika bendi kubwa za dansi za miaka ya 1930 desturi ilikuwa moja. Mguu wa kulia uliipiga ngoma kubwa kwa kila pigo la muziki, mapigo manne katika kila fungu, bila kukosa hata moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba. Wachezaji dansi waliitegemea, wapiga tarumbeta waliitegemea, na mpiga ngoma aliyethubutu kuiacha alihesabiwa kuwa hajui kazi.

Nguzo hiyo ilifaa sana katika mwendo wa wastani. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika humtaka mguu apige mara mbili kwa sekunde, na hilo mtu mzima hulimudu. Lakini jazi ilikuwa na tabia ya kukimbia. Wimbo ukifika mapigo 300 kwa dakika, mguu sharti upige mara tano kwa kila sekunde. Wimbo wa dakika nne peke yake wataka mateke 1,200, na bendi ya dansi haipigi wimbo mmoja kwa usiku. Mguu ni kiungo kizito. Hapo mpiga ngoma alikuwa na njia mbili tu alizofundishwa: akaze msuli mpaka uume, au aupunguze mwendo na kuwaudhi wenziwe.

Kenny Clarke alizaliwa katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, mwezi wa Januari 1914. Mamake alifariki alipokuwa bado mtoto mdogo sana, na baba akaihama familia. Kenny na nduguye wakapelekwa katika makao ya watoto weusi. Huko ndiko alikoanza muziki. Alijaribu ala kadhaa za kupulizwa, kisha mwalimu mmoja akamwelekeza kwenye ngoma ndogo. Historia imelihifadhi jina la mtoto kuliko la mwalimu huyo, kama ilivyo kawaida ya historia. Lakini bila mkono huo wa mwalimu, pengine nisingekuwa na la kuandika leo.

Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliacha masomo akawa mwanamuziki wa kulipwa. Mwishoni mwa mwaka wa 1935 alihamia New York. Alipiga katika bendi ya Edgar Hayes, akazuru Ulaya nayo, kisha akaingia katika bendi ya Teddy Hill. Humo alipiga pamoja na kijana mpiga tarumbeta aliyeitwa Dizzy Gillespie, ambaye naye alikuwa na masikio yasiyotosheka na mambo ya jana.

Ni katika bendi hiyo ya Hill jambo lenyewe lilipotokea, kama Clarke mwenyewe alivyokuja kusimulia baadaye. Bendi ilikuwa ikipiga wimbo wa kasi kupita kiasi. Mguu wake ukashindwa kuyafuata mapigo manne. Hakuzidisha nguvu, wala hakuupunguza mwendo. Aliuhamisha wajibu wa kutunza mwendo kutoka kwenye mguu akaukabidhi mkono wa kulia, juu ya lile toazi pana. Mguu uliobaki huru akautumia kwa nadra, kupiga pigo moja zito hapa na jingine pale, mahali ambapo wapiga tarumbeta na saksafoni walihitaji kusukumwa.

Lazima niseme kwamba hakuianza safari hiyo peke yake. Jo Jones, mpiga ngoma wa bendi ya Count Basie, alikuwa amekwisha kuupunguza uzito wa ngoma kubwa na kuyapa yale matoazi mawili ya mguu sehemu kubwa ya kazi ya kutunza mwendo. Clarke alipiga hatua iliyofuata. Toazi lake halikutoa mshindo wa kukatakata bali uvumi mwepesi unaoendelea, pigo moja likiungana na jingine kama mto upitao chini ya nyumba. Juu ya uvumi huo mkono wa kushoto na mguu wa kulia vikapata nafasi ya kusema.

Wenziwe wengine hawakufurahi. Walizoea kuusikia mguu, na sasa mguu ulikuwa ukinyamaza na kuzuka ghafla pale usipotazamiwa. Malalamiko yalikuwa kwamba anauvunja mwendo. Hatimaye Hill akamfukuza kazi.

Hapa naomba msomaji atue kidogo, kwa sababu hiki ndicho kiini cha habari. Je, Clarke alikuwa ameuvunja mwendo? Aliyesikiliza mguu tu angejibu ndiyo. Aliyesikiliza ngoma nzima angetambua kwamba mwendo haukukatika hata kwa nukta moja. Ulikuwa umehama tu. Wajibu ulitimizwa mahali pengine, na kwa wepesi zaidi kuliko kwanza.

Sisi wanaisimu twalijua jambo hili kutoka katika lugha yetu wenyewe. Tazama neno mtu. Katika lugha nyingi dada za Kibantu kiambishi chake kina irabu: Wakikuyu husema mũndũ, Waluhya husema omundu. Kiswahili kiliidondosha irabu hiyo. Je, silabi ilipotea? La. Sauti m ilisimama peke yake ikaubeba uzito wote wa silabi, na hata mkazo wa neno zima ukatua juu yake. Ndiyo maana neno mtu lina silabi mbili hadi leo. Pengine wazee waliowasikia vijana wa kwanza wakitamka hivyo walilalamika kwamba lugha imevunjwa. Kumbe mzigo ulikuwa umebadilisha mbebaji tu.

Turudi New York. Mwishoni mwa mwaka wa 1940 Teddy Hill aliacha kuongoza bendi akawa msimamizi wa klabu iliyoitwa Minton's Playhouse, mtaa wa Harlem. Alihitaji kikundi cha kupiga hapo kila usiku. Akamtafuta nani amwongozee? Akamtafuta Kenny Clarke, yule yule aliyekuwa amemfukuza. Namsifu Hill kwa jambo hili kuliko ninavyomlaumu kwa lile la kwanza. Kumfukuza mtu kwa kutomwelewa ni jambo la kila siku. Kumrudia na kumpa uhuru wa kufanya lile lile alilofukuziwa si jambo la kila mtu.

Clarke akamchukua Thelonious Monk kwenye piano. Gillespie akawa mgeni wa mara kwa mara, kadhalika mpiga gitaa Charlie Christian, na baadaye Charlie Parker na saksafoni yake. Katika ukumbi huo mdogo ulipikwa muziki uliokuja kuitwa bibopu, wenye miendo ya kasi ambayo mguu wa zamani usingeihimili kamwe. Clarke alishiriki pia katika utunzi: kazi iitwayo Epistrophy huhesabiwa kuwa yake na Monk, na Salt Peanuts yake na Gillespie. Lakabu aliyopewa, Klook, nayo ni tanakali ya sauti. Ni kifupi cha klook-mop, yaani mlio wa ngoma ndogo ukifuatwa na mshindo wa ngoma kubwa. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya mlio huo akaishia kuitwa kwa mlio huo.

Maisha hayakumpa nafasi ya kuvuna mapema alichopanda. Mwaka wa 1943 aliingizwa jeshini, akapelekwa Ulaya. Tarehe 26 Novemba 1945, Parker alipourekodi wimbo Ko-Ko, unaokimbia takriban mapigo 300 kwa dakika, aliyeketi kwenye ngoma alikuwa kijana Max Roach, aliyekuwa na umri wa miaka 21. Roach aliiendeleza njia ambayo Clarke aliifungua, akaifikisha mbali. Mwenye kuifungua alikuwa bado katika sare za jeshi. Alirejea mwaka wa 1946. Karibu na wakati huo aliingia katika dini ya Kiislamu akachukua jina la Liaquat Ali Salaam, ingawa ulimwengu wa muziki uliendelea kumwita kwa jina la zamani.

Baada ya hapo alipiga na bendi kubwa ya Gillespie, akazuru nayo Ulaya mwaka wa 1948. Mwaka wa 1952 alikuwa miongoni mwa wanne walioanzisha kikundi cha Modern Jazz Quartet, akatoka humo mwaka wa 1955. Mwaka uliofuata aliihama Marekani akaenda kukaa Paris. Hakuwa mwanamuziki mweusi wa kwanza kufanya hivyo, wala hakuwa wa mwisho. Nchi iliyoucheza muziki wao usiku iliwabagua mchana, ilhali Ufaransa iliwapa kazi na heshima ambayo kwao ilikuwa adimu.

Huko Paris hakukaa bure. Mwaka wa 1957 alikuwa kwenye ngoma Miles Davis alipourekodi muziki wa filamu ya Louis Malle. Alipiga na mpiga piano Bud Powell na mpiga besi Pierre Michelot, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1972 aliongoza bendi kubwa pamoja na Francy Boland, Mbelgiji. Zaidi ya yote, kwa mtazamo wangu, akawa mwalimu. Pamoja na Dante Agostini alifungua shule ya ngoma mjini Paris. Yule aliyeacha masomo akiwa na miaka 15 sasa alisimama mbele ya wanafunzi.

Hawa wanaofundisha ngoma za kasi hufundisha nini? Nimeisoma na kuisikiliza kazi yao kadiri nilivyoweza, na naona mambo manne ambayo yangefaa kuandikwa ukutani katika shule zetu.

La kwanza, kasi hujifunzwa polepole. Mwanafunzi huanza katika mwendo ambao mwili wake umetulia kabisa, akitumia kipima mwendo, kisha huongeza mapigo machache tu. Bega likianza kukaza, hurudi nyuma. Anayefanya mazoezi huku amekaza mwili hufundisha mwili wake kukaza, na siku ya onyesho utakumbuka vyema ulichofundishwa.

La pili, kijiti hakiinuliwi kwa mkono kila mara. Kikiligonga toazi hurudi chenyewe, na kazi ya vidole ni kukipokea na kukirudisha. Mkono mzima huinuka polepole mno kwa kasi hiyo. Kifundo na vidole ndivyo vinavyoweza. Pale kiungo kikubwa kinaposhindwa, kiungo kidogo hushika zamu. Wengine huendelea hata kuigusa ngoma kubwa kwa mguu, lakini kwa wepesi unaohisiwa zaidi ya kusikika.

La tatu, mwendo ukizidi kasi mpigaji hahesabu kila pigo. Huhesabu moja kwa kila mapigo mawili, au moja kwa fungu zima la manne. Kwa mapigo 300 kwa dakika, mafungu ni 75 tu kwa dakika, mwendo ambao mtu aweza kuutembea bila kutokwa na jasho. Ndivyo asomavyo msomaji hodari: jicho lake halitambai silabi kwa silabi, hushika neno zima.

La nne, umbo la sauti hubadilika kasi inapobadilika. Katika jazi ya polepole pigo refu na pigo fupi hupishana sana kwa urefu. Kasi ikipanda, hayo mawili hukaribiana mpaka karibu yalingane. Mpigaji anayeng'ang'ania tofauti ile ile ya polepole hukwama njiani. Si kosa kuliacha umbo la zamani pale ambapo hali imebadilika; kosa ni kutosikia kwamba imebadilika.

Najua kuna mwalimu atakayeniuliza: je, kila mwanafunzi anayekiuka tulilomfundisha tumwite Kenny Clarke? La hasha. Wapo wanaoacha wajibu kwa uvivu, na hao wasipewe kisingizio katika makala haya. Clarke aliifahamu kazi ya zamani barabara kabla ya kuibadilisha, na hakuna usiku alioiacha bendi bila mwendo. Kipimo basi ni hiki. Mwanafunzi akiiacha njia uliyomwonyesha, usitazame mguu peke yake. Uliza: wajibu wenyewe umeachwa, au umehamia mahali pengine? Mtoto anayepata jibu sahihi la hesabu kwa hatua ambazo hukuzifundisha, mwambie akueleze hatua zake kabla hujamwekea mkasi wa wino mwekundu. Akiweza kuzieleza na zikasimama, hakuivunja hesabu. Akishindwa, mrudishe mwanzo kwa upole.

Na kwako mwanafunzi, ambaye mtihani unakukaribia na kila mtu anakwambia ukaze buti: jichunguze ni kiungo gani kinachokuchosha. Huenda unasoma kwa kunong'ona kila neno. Huenda unanakili upya maandishi yote ya darasani badala ya kujiuliza maswali na kuyajibu. Kuzidisha saa za kuufanya mguu upige mateke hakutakufikisha. Punguza mwendo leo, tafuta mahali pepesi pa kuuweka mzigo, kisha upandishe mwendo kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kisiwe na tundu.

Mwaka wa 1983 taasisi ya taifa ya sanaa ya Marekani ilimtunukia Clarke heshima ya ubingwa wa jazi, akiwa amekwisha kukaa ugenini kwa zaidi ya robo karne. Tarehe 26 Januari 1985 alifariki Montreuil, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 71. Leo hii ukiisikiliza jazi ya kasi, mahali popote ilipopigwa tangu siku za Minton's, yaelekea utausikia uvumi wa toazi ukiutunza mwendo na ngoma kubwa ikinena pale inapokuwa na la kunena. Vijana wengi wanaojifunza kupiga hivyo hawajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo jambo hilo lilimkosesha mtu kazi. Walimu wao wanapaswa kujua, na sisi wa madarasa mengine pia, maana bado hatujui ni mwanafunzi gani tutakayemtoa nje kesho kwa sababu tumeusikiliza mguu tu.